Taulo Shingoni mwa Baba Mkwe

Walionisimamisha sokoni Jumanne kuniuliza kama Lugano alipanda ulingoni, jibu ni hili: alipanda. Na yule mama wa mboga aliyesema nimemharibia usingizi wiki nzima, pole sana mama, lakini leo wala usitegemee dawa kwangu.

Kwa anayeanza nasi leo, mambo ni mafupi. Lugano ni bondia wa Ikuti, mtoto wa wakulima wa chai. Naseeb ni bondia wa Ibighi, fundi wa kuchomelea mageti, mjukuu wa fundi cherehani aliyehamia hapa zamani kutoka pwani. Hakuna kati yao aliyewahi kupigwa. Mkanda wa Nyanda za Juu Kusini ulikuwa mmoja, wao walikuwa wawili, na Tukuyu nzima ikagawanyika mpaka kwaya moja, ambayo siitaji, ikashindwa kufanya mazoezi kwa ubishi.

Lakini kabla ya pambano Lugano alianguka mazoezini. Alipoinuka hakulikumbuka jina la mtoto wake mwenyewe. Tangu hapo kichwa kinamuuma, asubuhi anatapika nyuma ya migomba, na jicho la kushoto limeingia giza. Daktari mmoja Mbeya alimwambia bila kumumunya maneno: konde moja zito la kichwa, na huenda usiamke tena.

Waliolijua hilo walikuwa wawili tu, Lugano na mkewe Sekela. Naye Sekela aliapishwa, mkono juu ya Biblia, asimwambie mtu.

Duniani alikuwepo mtu mmoja wa kumzuia Lugano. Baba yake, Mzee Ambindwile, bondia wa zamani, ndiye kocha wake na ndiye anayekaa kona yake. Mzee akisema hapana, ni hapana.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Sekela hawezi kuongea na baba mkwe wake.

Msicheke, ninyi mliokuja juzi. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Mkamwana akisikia kikohozi cha mzee anaingia ndani. Wakikutana njiani anajitosa kwenye migomba na kumpa mgongo mpaka apite. Jina la mzee halitoki mdomoni mwake. Na mzee naye vivyo hivyo, akimwona mkamwana anageuza njia. Si uadui, ni heshima. Siku hizi wengi wameacha, wanakula meza moja na kupiga picha wamekumbatiana. Kwa Mzee Ambindwile hawajaacha.

Mtaniuliza, na simu je? Mzee hana simu, na hata angekuwa nayo, sauti nayo ni uso. Tangu aolewe, kila neno la Sekela kwa baba mkwe lilipita kwa wifi yake Tulinagwe, dada mkubwa wa Lugano. Chakula tayari, mwambie baba. Ndaga, yaani asante, kwa zile mbegu, mwambie baba. Tulinagwe ndiye alikuwa mdomo wa Sekela.

Shikeni hapo, tuendelee.

Siku ya Ijumaa mabondia walipimwa. Sekela alisimama nje ya dirisha, kanga kichwani, akichungulia.

Daktari wa pambano alimsimamisha Lugano mbele ya karatasi ya herufi. "Funika jicho la kushoto. Soma."

Lugano akalifunika kwa mkono wa kushoto, akasoma mpaka vile viherufi vya chini kabisa.

"Haya, lingine."

Lugano akashusha mkono wa kushoto, akainua wa kulia, akaupitisha mbele ya pua na kulifunika jicho lilelile la kushoto. Akasoma tena, haraka, kwa madaha. Daktari alikuwa anaandika, hakuinua kichwa.

"Macho safi," akasema. "Anayefuata."

 Nje, Sekela alizishika nondo za dirisha kwa mikono miwili.

Familia yote ilikuwa imefikia Makandana kwa Tulinagwe. Mzee alipewa chumba cha uani ili mkamwana asikutane naye. Jioni Sekela alimbana mumewe jikoni.

"Baba Jacob, umefunika jicho moja mara mbili."

"Uliona?"

"Niliona."

"Basi kama aliyeona ni mke wangu peke yake, nimefaulu." Akacheka.

"Mume wangu, mficha maradhi..."

"Usimalizie!" Cheko likamtoka usoni. "Kesho nikishachukua mkanda nitakwenda kulala hospitali hata mwezi mzima, nakuahidi. Nimepigana tangu sina ndevu ili nifike hapa. Niache kesho tu, Mama Jacob. Kesho tu."

Akatoka. Sekela akabaki anatazama moto, na hofu ikamwambia neno moja: huyu anakwenda kufa, na wewe unapika.

Kiapo ni kiapo, najua, wachungaji wananisoma. Lakini heri nusu shari kuliko shari kamili. Sekela alimvuta Tulinagwe nyuma ya nyumba akamweleza yote, jicho, matapishi, daktari wa Mbeya.

"Wifi, unasema kweli?"

"Kweli tupu."

"Yesu wangu! Na umekaa nalo moyoni muda wote huu?"

"Aliniapisha. Mwambie baba, wifi. Nakuomba. Baba akijua, hapandi mtu ulingoni."

Tulinagwe alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Niachie mimi. Nakwenda kwake sasa hivi."

Na kweli alikwenda. Sekela alimwona kwa macho yake akikatiza ua, akasikia mlango wa uani ukifunguliwa na kufungwa. Akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akawa anasali bila maneno.

Tulinagwe alirudi baadaye, uso ameuinamisha.

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

" Amesema, mwambie mkamwana asihofu. Pambano halizuiliki, watu wamekwisha kuja mpaka kutoka Kyela. Lakini nitakuwa na taulo shingoni. Nikimwona anayumba tu, narusha."

Taulo likirushwa kutoka kona, pambano limekwisha. Hilo hata mimi nisiyejua ngumi nalijua. Sekela alimkumbatia wifi yake, akalia, na usiku ule akala ndizi sahani nzima. Siku nyingi alikuwa hajala akashiba.

Jumamosi mvua ilianza mchana. Mvua ya Tukuyu mnaijua, haibishi hodi. Kufika saa kumi ukumbi ulikuwa umejaa pomoni, watu wanatoa mvuke kwenye makoti, na juu yao bati linapigwa kiasi kwamba ukitaka kuongea na jirani unamwekea mdomo sikioni.

Sekela alitafuta benchi lililokuwa nyuma ya nguzo, ili nguzo imkinge asitazamane na kona ya mumewe. Tulinagwe akakaa kushoto kwake. Kulia kwake akaja kukaa mwanamke mwenye tasbihi mkononi, naye alikuwa Siwema, mke wa Naseeb.

Msitegemee ugomvi. Hawa walijuana kliniki, walipima watoto siku moja, wakapeana maziwa.

"Mama Jacob, umekula?" Siwema alimwuliza sikioni.

"Nimekula."

"Hongera. Mimi Naseeb akipigana, hata maji hayashuki."

Sekela alichungulia kando ya nguzo. Akauona mgongo wa baba mkwe wake, koti la kijivu, na juu ya koti, shingoni, taulo jeupe. Moyo wake ukatulia. Alijiambia, lipo. Amelivaa.

Kengele ikagongwa.

Kuhusu ngumi zenyewe mwende kwenye kurasa za michezo, kuna vijana wanaolipwa kwa kazi hiyo. Mimi nawapa alichokiona Sekela, naye ndiye aliyenieleza, kwa kigugumizi, mara nyingine akinishika mkono wa shati.

Raundi ya kwanza Lugano alikuwa moto. Alipiga mbavu, akapiga pua, Naseeb akarudi nyuma, nusu ya ukumbi ikasimama juu ya mabenchi. Tulinagwe alirukaruka kama msichana. "Ndiye huyo! Ndiye mdogo wangu huyo!"

Raundi ya pili Naseeb alirusha ngumi ya mkono wa kulia, ya kubahatisha tu, ikazunguka na kutua upande wa kushoto wa uso wa Lugano. Haikuwa nzito. Lakini Lugano hakuikwepa, wala hakupepesa jicho. Aliipokea kama mtu aliyepigwa kutoka gizani.

Naseeb akasimama kidogo. Akarusha tena ileile, polepole, kwa kujaribu. Ikatua palepale.

Siwema akaacha kuhesabu tasbihi.

"Mama Jacob," akasema. "Mumeo haoni upande ule."

Sekela akachungulia tena lile taulo. 

"Naseeb naye ameshajua. Namjua mume wangu. Akikuta mlango wazi hapiti dirishani."

Raundi ya tatu sitaki kuieleza. Kila Lugano alipomtafuta Naseeb, Naseeb alikuwa kushoto. Anageuka, kushoto. Anageuka tena, kushoto. Watu wa Ikuti wakaanza kuketi mmoja mmoja. Kengele ilipolia, Lugano akaenda kukaa kwenye kona ya Naseeb. Refa akamshika bega na kumgeuza, na ukumbi ukacheka ukidhani ni mbwembwe.

Sekela hakucheka. Alichungulia kona. Sasa, baba. Sasa rusha.

Mzee Ambindwile hakurusha. Alimpaka mwanawe mafuta usoni, akampiga makofi mawili ya shavu, akafoka kwa sauti iliyopenya hata mvua: "Mkono juu! Ludisha mkono juu, wewe! Unamchezea nini?"

Anamchezea. Mzee alidhani mwanawe anacheza.

 Sekela akamgeukia wifi yake.

"Mbona harushi?"

Tulinagwe akatazama mbele.

"Wifi, ameyumba. Amekosea kona! Baba alisema akiyumba tu anarusha. Mbona harushi?"

"Bado ana nguvu..."

"Tulinagwe!" Hakuwahi kumwita hivyo, kwa jina tupu. "Nitazame. Ulimwambia baba?"

Tulinagwe alimtazama. 

"Sikumwambia."

Kengele ya raundi ya nne ikalia hapo hapo.

"Nilifungua mlango, nikamkuta Lugano mle ndani," Tulinagwe akasema mbiombio. "Baba alikuwa ametoka kuoga. Lugano akanipigia magoti, wifi. Mdogo wangu, niliyembeba mgongoni, akanipigia magoti. Akasema nikimzuia atakwenda kupigana mbali, sisi hatutakuwepo, tutaletewa maiti tu. Akasema atammaliza Naseeb mapema. Nikaona bora apigane hapa, machoni petu..."

"Kwa hiyo lile taulo..."

"Baba huwa analivaa siku zote. La jasho."

Jamani! Sekela aliniambia kwamba hapo alisikia ukumbi mzima umekuwa kimya, mvua, watu, kila kitu, ingawa watu walikuwa wanapiga kelele za kupasua paa. Usiku ule wote alioulala kwa amani, alikuwa amelalia uongo.

"Nenda sasa hivi," akasema. "Nenda ukamwambie!"

"Siwezi. Atanilaani."

"Mdogo wako anakufa!"

Tulinagwe akaangua kilio, akajifunika uso kwa kitenge, akapita katikati ya watu akatoka mbio nje, mvuani. Mimi simhukumu. Ninyi mhukumuni mkipenda.

Basi Sekela akabaki hana mdomo.

"Kuna nini?" Siwema akauliza. Sekela akamweleza yote kwa maneno machache. Siwema akashika kifua.

"La ilaha! Daktari yuko wapi?"

"Katoka na yule kijana wa pambano la utangulizi aliyevunjika mkono."

"Refa?"

"Refa hasikilizi wake za watu. Angekuwa anawasikiliza, hakuna pambano lingefika raundi ya pili."

"Basi nakwenda mimi. Mimi si mkamwana wake, mimi hanikimbii."

Na mwanamke yule, mke wa adui, akavua viatu, akapanda juu ya benchi, akashuka upande wa pili, akajipenyeza mpaka kona ya Lugano. Siwema ana moyo, hilo liandikwe. Sekela alimwona akimvuta mzee mkono wa koti, akiongea, akionyesha jicho lake mwenyewe la kushoto, akionyesha ulingo. Alimwona mzee akiinama kusikiliza. Akaona kichwa cha mzee kikigeuka kumtazama vizuri huyu ni nani.

Kisha akaona mkono wa mzee ukimsukuma.

Siwema alirudi akihema, machozi yanamtoka kwa hasira.

"Amenitambua. Anasema, kamwambie mumeo apigane kiume, asitume mwanamke kuja kuniombea taulo. Anasema ni mbinu, Mama Jacob! Nimeapa kwa Mungu, anasema naapia mkanda!"

Na ukimfikiria mzee, utamlaumu vipi? Mke wa Naseeb anakuja katikati ya raundi kumwambia asalimu amri, mwanawe hajaanguka hata mara moja. Ningekuwa mimi, ningemfukuza kwa fimbo.

Ulingoni Lugano akapigwa konde la sikio. Goti moja likakunja, likanyooka. Refa akamtazama machoni, akamwacha aendelee. Kengele ikamwokoa.

Sekela akasimama.

"Mama Jacob, unakwenda wapi?"

Hakujibu, maana hata yeye mwenyewe angesikia jibu lake angerudi kukaa. Akatoka nyuma ya nguzo.

Bibi mmoja wa Ikuti aliyekaa safu ya mbele alimwona kwanza. Akamdaka kanga. "We mwana! Mkweo yule pale! Huna macho?"

"Niache, bibi."

"Utapata laana! Geuka! Jamani mshikeni huyu!"

Mikono ikamshika, ya bibi, ya mama mwingine, hata ya mzee mmoja asiyemjua. Sekela akaiacha kanga mikononi mwao akaenda kichwa wazi. Mkamwana, kichwa wazi, mbele ya kadamnasi, anamwendea baba mkwe. Wakongwe wakafunika macho. Vijana hawakuelewa kitu, wakapiga miluzi.

 Sekela aliogopa mumewe kufa, na aliogopa kumtazama yule mzee, na hofu hizo mbili, anasema, wakati ule zilikuwa sawasawa. Wewe unayeishi ghorofani utasema mjinga. Wewe uliyelelewa hivyo unamwelewa.

"Baba," akaita. Mvua ikaimeza sauti. "Baba!" Ikamezwa tena. Ilibidi asogee karibu, mpaka pembeni ya ngazi za kona.

Mzee alikuwa ameshika chupa ya maji, anataka kumnywesha mwanawe. Akahisi mtu. Akageuza jicho kidogo, akaliona gauni, akaujua umbo.

Chupa ikamponyoka.

Hakufikiri. Mambo kama haya mtu hayafikirii, ni miguu inayofikiri. Mzee Ambindwile aliinua kola ya koti kufunika uso, akampa mgongo mkamwana wake, akashuka kwenye kona ya mwanawe, akaondoka. Alitembea harakaharaka kando ya ukuta kuelekea chumba cha kubadilishia nguo, kwa adabu zake zote alizorithi kwa baba zake, na taulo shingoni.

 Sekela alikuja kumwomba mzee arushe taulo, na sasa amemfukuza yeye na taulo lake.

Akamfuata. Kadiri alivyomfuata ndivyo mzee alivyokaza mwendo. Watu wa mbele wakaanza kucheka, mkamwana anamkimbiza mkwe! Simu zikainuliwa. Nyuma yao Lugano alikaa juu ya kigoda peke yake, mdomo wazi, akisubiri maji ambayo hayakuja.

Kengele ikalia. Raundi ya tano. Lugano akainuka, na kona yake ilikuwa tupu.

Mzee alikuwa ameshafika mlangoni. Akiingia mle basi, ukuta utakuwa kati yao. Sekela akavuta pumzi mpaka mbavu zikamwuma.

"Ambindwile!"

Hakuwahi kulitamka jina lile, hata katika sala. Lilimtoka kwa nguvu hata mvua haikuweza nalo. Vicheko vikakatika. Yule bibi wa Ikuti akapiga ukemi.

Mzee akasimama, mkono kwenye kitasa. Hakugeuka. Mgongo wake ukawa unapanda na kushuka.

"Baba, nisamehe," Sekela akasema, akaanza kulia. "Lugano haoni jicho la kushoto. Tangu siku ile alipoanguka. Anatapika. Daktari amesema konde moja zito tu, baba, haamki. Hachezi ulingoni. Haoni. Yule mama alikwambia kweli. Niue kesho ukitaka, lakini leo rusha taulo."

 Mzee hakugeuka bado. Lakini Sekela aliona sikio lake, aliona shingo yake ikikakamaa. Kisha akasikia sauti ya baba mkwe wake, nzito, ndogo kuliko alivyowahi kuisikia kupitia kuta.

"Siku ile alinambia ni malaria."

Mkono wake ukapanda shingoni, ukalivuta taulo. Akalinyoosha kinyumenyume, bila kugeuka, akimpa mkamwana wake kwa mgongo.

"Miguu yangu haiwezi mbio," akasema. "Kimbia."

Sekela akalidaka, akakimbia.

Sijui kama mmewahi kumwona mama mwenye mtoto wa kunyonyesha akikimbia kwenye sakafu ya sementi iliyolowa. Aliteleza, akainuka, akajigonga kwenye benchi. Akafika kona, akapanda ngazi ya kwanza, akalikusanya taulo kwa mikono miwili na kulirusha juu ya kamba kwa nguvu zake zote.

Taulo likatua katikati ya ulingo. Jeupe, limekunjamana.

Refa akaliona. Akatazama kona, kocha hayupo. Akamwona mwanamke kichwa wazi, amelowa, anapunga mikono. Akakunja uso. Taulo la shabiki si taulo, sheria ndiyo inavyosema, anayerusha ni kocha. Refa akainama kuliokota alitupe nje.

Na wakati refa ameinama, Lugano akasikia sauti ya mkewe.

"Baba Jacob! Basi! Imetosha!"

Kona yake ilikuwa mkono wake wa kulia. Ili amwone Sekela, ilibidi jicho lake moja lililobaki limwache Naseeb. Akageuka. Akamwona. Mikono yake ikashuka kwa mshangao, glavu zikafika kiunoni, na Sekela anasema alimwona akianza kutabasamu, kama mtu aliyekutwa na mkewe mahali alipokatazwa.

Naseeb alikuwa kushoto. Alikuwa mbele ya kidevu kilicho wazi kabisa, refa kainama, kengele haijalia, mkono wa kulia umeshavutwa nyuma. Kama aliliona taulo au hakuliona, hilo analijua yeye na Mungu wake. Siwema alikuwa juu ya benchi anapiga kelele, "Naseeb, usipige! Naseeb!" na mvua inapiga bati.

Sekela alifumba macho. Alisikia kishindo cha mwili kwenye mbao. Akasikia ukumbi wote ukivuta pumzi na kutoitoa.

Kisha mkono mzito ukamshika bega kwa nyuma, mkono wa mtu aliyekuja mbio ambazo alisema haziwezi. Mtu huyo alimzunguka, akasimama mbele yake, uso kwa uso, kumkinga asiuone ulingo.

"Usiangalie, mwanangu," baba mkwe wake akasema.

Sekela akafumbua macho.